Pierre Mulele: mutu ambaye jina lake liligeuzwa ngao hapa kwetu

Hapa Kalemie, na vilevile Uvira, Fizi, Kabambare ao Kongolo, wazee wakitaka kuelezea mambo ya mwaka wa 1964, wengi hawataji jina la Soumialot wala la Olenga. Wanasema tu wakati wa Mulele. Vita ile ni vita ya Mulele, wakimbizi wa wakati ule ni wakimbizi wa Mulele, na vijana waliobeba mikuki waliitwa Mai Mulele.

Kumbe Pierre Mulele mwenyewe hakupigana hata siku moja kando ya ziwa Tanganyika. Vita yake aliifanya Kwilu, upande wa mangaribi ya inchi, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Waasi walioingia katika muji huu, karibu wote hawakumuona kwa macho. Kilichofika huku ni jina lake. Jina lile lilichanganywa na maji na unga wa dawa, vijana wakapakwa, wakaambiwa kwamba masasi hayatawaingia.

Basi, huyu Mulele alikuwa nani? Na ilikuwaje jina la mutu aliyesoma kwa mapadri, akawa waziri, akajifunza vita kule China, liwe dawa ya kuzuia masasi hapa kwetu?

Mutoto wa inchi ya ngazi

Pierre Mulele alizaliwa mwaka wa 1929, katika kijiji cha Isulu, upande wa Gungu, Kwilu. Alikuwa Mumbunda. Kwilu ya wakati ule ilikuwa inchi ya ngazi na mafuta ya mawese. Tangu mwaka wa 1911 kampuni ya Muingereza William Lever ilipewa mashamba makubwa pale na Wabelgiji, na muji wa Leverville ukaitwa kwa jina lake. Wanaume walilazimishwa kupanda juu ya ngazi na kukata mikungu, bei ilikuwa ndogo, kodi ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1931, wakati Mulele alikuwa angali mutoto wa kubebwa mugongoni, Wapende ambao ni majirani wa Wambunda walikataa na kusimama juu ya kazi na kodi ile. Force Publique, jeshi la mukoloni, iliua mamia ya watu. Watoto wa Kwilu wa kizazi cha Mulele walikomaa wakisikia habari ile kwa wazazi wao.

Mulele alisoma kwa misheni, akapita seminari ndogo ya Kinzambi karibu na Kikwit, akaingia pia uaskari wa Force Publique. Alipotoka alifanya kazi ya karani wa leta Léopoldville, muji unaoitwa leo Kinshasa. Alikuwa kati ya wale waliojua kuandika Kifaransa, waliofanya kazi kwa meza, lakini mushahara wao haukukaribia ule wa muzungu aliyefanya kazi ileile.

Waziri wa miaka 30

Mwaka wa 1959 vyama vya siasa vilianza kuota kila pembe ya Kongo. Watu wa Kwilu na Kwango waliunda chama cha PSA, yaani Parti Solidaire Africain. Mukubwa wa chama alikuwa Antoine Gizenga, na Mulele alikuwa kati ya viongozi wake wa kwanza. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, PSA ilipata viti 13 bungeni, ikaungana na chama cha Patrice Lumumba. Serikali ya kwanza ya Kongo ilipoundwa mwezi wa sita, Gizenga akawa naibu wa waziri mukuu, na Mulele akapewa wizara ya elimu ya taifa na sanaa. Alikuwa hajafikisha miaka 31.

Wizara ile hakuikalia. Mwezi wa tisa Rais Kasa-Vubu alimufukuza Lumumba, Kanali Mobutu akasimamisha siasa, na wafuasi wa Lumumba wakatawanyika. Gizenga alienda Stanleyville, Kisangani ya leo, akaunda serikali yake, na Mulele akawa mujumbe wa serikali ile kule Kairo, Misri. Ndipo habari ya kifo ikamukuta: Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961.

Katikati ya mwaka ule Gizenga na wengine walikubali kuingia katika serikali ya Cyrille Adoula. Mulele alikataa. Kwa macho yake, uhuru wa 1960 ulikuwa umeibiwa: wazungu walitoka kwenye viti, wakaingia Wakongomani wachache wenye magari na nyumba za wazungu, na mukulima wa Kwilu akabaki palepale chini ya ngazi yake. Wengi walianza kuongea juu ya uhuru wa pili. Mulele alienda China kujifunza vita ya porini, ile ambayo Mao Zedong alikuwa ameshinda nayo. Mwezi wa saba 1963 alirudi Kongo kwa siri, akapita Léopoldville, akaingia Kwilu.

Mashariti ya porini Kwilu

Katika misitu kati ya Gungu na Idiofa, Mulele alianza kukusanya vijana. Wengi walikuwa Wambunda na Wapende, watoto wa wakulima, wengine walimu na wanafunzi waliokosa kazi. Katika kambi zake hakuanza na bunduki, kwa sababu bunduki hazikuwepo. Alianza na masomo: kwa nini mukulima ni masikini, nani anakula jasho lake, na namna gani mutu asiye na silaha anaweza kupigana na jeshi.

Aliweka pia mashariti ya tabia. Aliyatoa kwa sehemu kubwa katika mafundisho ya jeshi la Mao, akayageuza kwa watu wa Kwilu. Mupiganaji alipaswa:

- kuheshimu watu wote, hata wale wabaya;
- kununua vitu vya wanakijiji kwa haki, bila kunyang’anya;
- kurudisha kitu alichoazima, na kulipa kitu alichoharibu;
- kutotukana mutu;
- kutoharibu mashamba wala kuyakanyaga;
- kuheshimu wanawake;
- kutowatesa wafungwa wa vita.

Ni vema kuyasoma mashariti haya polepole, kwa sababu mbele kidogo tutakutana na mashariti mengine, yale ya huku kwetu, na tofauti yake ni kubwa. Mashariti ya Kwilu yalilinda mwanakijiji ili asimuogope mupiganaji. Ngao ya Mulele ilikuwa watu wenyewe: wakimupenda watamuficha, watamupa chakula, hawatamuuza kwa askari.

Lakini tusisafishe historia kupita ukweli. Vita ilipoanza, mashariti yale yalivunjwa mara nyingi. Mwezi wa kwanza 1964 wapiganaji walishambulia ofisi za leta, misheni na viwanda vya mafuta. Mapadri watatu Wabelgiji waliuawa Kilembe. Mumisionari Mumarekani, Irene Ferrel, aliuawa kwa mushale Mangungu. Walimu, mapolisi na makarani wa leta waliuawa kwa sababu walionekana upande wa serikali. Wengine walikuwa watu wa kawaida kabisa.

Mishale, chupa na mashimo

Silaha za Kwilu zilikuwa zile ambazo kijiji kinaweza kutengeneza. Upinde na mishale yenye sumu. Panga. Mikuki. Bunduki za kienyeji ambazo fundi wa chuma anafanya na bomba, zinazojazwa baruti kwa mudomo. Chupa za petroli zenye kitambaa kinachowashwa, za kuchoma magari na nyumba. Na silaha ambayo haikugharimu kitu: jembe. Usiku watu walichimba mashimo katika barabara, wakachoma madaraja, wakaangusha miti, na makamyo ya askari yakakwama mahali ambapo wapinde walikuwa wanangojea ndani ya majani.

Silaha hizi zilifanya kazi kupita mategemeo ya wakubwa wa Léopoldville. Mwezi wa pili 1964, Eugène Ebeya, mukubwa wa makao makuu ya jeshi la taifa, alienda Kwilu kusimamia vita. Aliuawa kwa mushale. Habari ile ilizunguka Kongo nzima: ofisa mukubwa wa jeshi lenye bunduki za mashine, amekufa kwa mushale wa mukulima.

Hapo ndipo hadithi zilianza kumuzunguka Mulele. Watu wa Kwilu walisema masasi hayamuingii. Walisema anageuka ndege ao nyoka, anapotea mbele ya askari, analala hapa na kuamuka mbali. Habari kama hizo zinazaliwa upesi wakati mutu anatafutwa na jeshi zima na haonekani. Lakini vita aliyoifundisha haikuwa ya mutu asiyeingiwa na sasi. Ilikuwa ya mutu anayejua kwamba sasi linaua: kuvizia, kupiga upesi, kulala chini, kukimbilia porini, kungoja usiku.

Jina linafika ziwani

Wakati uleule, wanasiasa wengine waliomufuata Lumumba walikuwa wamekimbilia Brazzaville, ngambo ya mto. Mwezi wa kumi 1963 waliunda baraza lao la ukombozi, CNL, pamoja na Christophe Gbenye. Mwanzoni mwa 1964 walimutuma Gaston Soumialot, mutu wa Maniema, aende Bujumbura kuwasha moto upande wa mashariki. Mulele hakuwa chini ya amri yao, wala wao hawakuwa chini yake. Kati ya Kwilu na ziwa kulikuwa na Kongo nzima.

Moto uliwaka upesi. Tarehe 15 mwezi wa tano 1964, Uvira ilianguka. Katika bonde la Ruzizi, Wafulero wenye mikuki na mishale waliwafukuza askari wa leta waliokuwa na silaha za kisasa. Siku chache nyuma, mwisho wa mwezi wa tano, vijana walisimama hapa Kalemie, ambayo iliitwa Albertville na ilikuwa muji mukuu wa jimbo la Katanga ya Kaskazini. Askari waliurudisha muji kwa muda mufupi, lakini mwezi wa sita waasi waliukamata kabisa. Jason Sendwe, rais wa jimbo na kiongozi mukubwa wa Balubakat, aliuawa mwezi huohuo. Kwa Waluba wengi kifo chake ni kidonda ambacho hakijafunga.

Kindu ilianguka mwezi wa saba. Stanleyville ilianguka mwanzoni mwa mwezi wa nane. Ndani ya miezi mitatu, sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo ilikuwa mikononi mwa vijana waliojiita Simba. Na walipoingia kila muji, walipiga kelele moja: Mai Mulele.

Mashariti ya dawa

Dawa ile ilikuwa kazi ya waganga. Wanaojulikana zaidi ni Mama Onema, mwanamuke mutu muzima aliyefuatana na jeshi la Nicolas Olenga upande wa Kindu. Kila kikosi kilikuwa na muganga wake, wengine wanaume, wengine wanawake, hata wasichana. Mupiganaji mupya alichanjwa kwa wembe juu ya uso ao kifua, unga wa dawa ukapakwa ndani ya chanjo, halafu akanyunyiziwa maji. Toka hapo alikuwa Simba, na masasi ya adui yalipaswa kugeuka maji.

Lakini dawa haikutosha yenyewe. Ilikuwa na mashariti, na mashariti yake yalikuwa makali. Kutoka mahali na mahali yalibadilika kidogo, ila yale makubwa yalifanana:

- usilale na mwanamuke;
- usiguswe na mutu asiyechanjwa, hata kwa kusalimia kwa mukono;
- usile chakula kilichopikwa na mwanamuke mwenye mimba ao aliye katika siku zake;
- usiibe;
- usiguse damu wala maiti;
- katika vita usigeuze kichwa, usiangalie nyuma wala pembeni, tembea mbele tu;
- usiogope;
- taja jina la Mulele.

Tena dawa ilikuwa inachakaa. Ilipaswa kurudiwa kabla ya kila vita kubwa, na muganga alipaswa kuwa karibu.

Mutu akiyaangalia vizuri, ataona kwamba mengine yalikuwa na faida wazi kwa jeshi la vijana wasiofundishwa. Sharti la kutoiba lilizuia unyang’anyi. Sharti la kutolala na wanawake, kule lilikofuatwa, lilizuia kubaka. Sharti la kutoguswa liliwafunga wapiganaji pamoja, likawatenga na wengine. Na sharti la kutoangalia nyuma lilifanya kikosi kisivunjike.

Lakini kulikuwa na mutego ndani yake. Simba akipigwa sasi na kufa, hakuna aliyesema kwamba dawa ni uwongo. Walisema amevunja sharti. Ameogopa, ameangalia nyuma, ameguswa na mwanamuke. Maiti haiwezi kujitetea. Kwa hiyo kila kifo kilihesabiwa kuwa kosa la marehemu, na kila aliyebaki hai alihesabiwa kuwa ushuhuda wa dawa. Ngao ya namna hii haiwezi kupimwa, kwa kuwa ikishinda ni yenyewe, na ikishindwa ni wewe.

Wazo hili halikuanza na Simba. Ngambo ya ziwa, kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kugeuza masasi mwaka wa 1905. Wajerumani walimunyonga mwanzoni mwa vita, na vita ya Maji Maji iliendelea mpaka 1907, pamoja na njaa iliyoua watu wengi kupita masasi.

Kwa nini ilionekana kufanya kazi

Watu wengi wanauliza: kama ilikuwa uwongo, namna gani vijana wenye mikuki walikamata Uvira, Albertville, Kindu na Stanleyville?

Jibu liko upande wa adui. Askari wa leta walikuwa watoto wa vijiji vilevile, na wao pia waliamini dawa. Walikuwa mbali na kwao, wengine hawakulipwa vizuri, maofisa wao waliwaacha. Walipoona kundi linakuja katikati ya barabara, limesimama wima bila kuinama, likiimba jina la Mulele, walipiga masasi machache, mara nyingi juu ya vichwa, halafu wakatupa bunduki na kukimbia. Simba waliokota bunduki zile. Habari ikatangulia mbele ya kikosi, na askari wa muji uliofuata wakakimbia hata kabla ya kuona adui. Dawa ilizuia masasi kweli, kwa maana moja tu: ilimuzuia askari asiyapige.

Ndiyo maana ilivunjika siku ilipokutana na watu wasiokimbia. Mwezi wa nane 1964 Simba walishambulia Bukavu. Kanali Léonard Mulamba alikataa kutoka, akawashika askari wake, wakapiga masasi chini, kwenye miili. Simba walikufa kwa wingi mitaani, wakarudi nyuma. Tarehe 30 ya mwezi huo Albertville ilichukuliwa tena na jeshi la leta. Nyuma ya pale walikuja mamaluki wa kizungu kwa wingi zaidi, na ndege za vita za T-28 zilizotolewa na Marekani, zikiendeshwa na Wacuba waliokimbia Fidel Castro. Rubani aliye juu haoni chanjo juu ya uso wa mutu, haogopi jina la Mulele, wala hajui mashariti. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja wanajeshi wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, na serikali ya Simba ikaanguka.

Bendera, 1965

Upande wetu vita haikuisha. Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwa siri, akashuka Kibamba, pwani ya Fizi. Alikuja na Wacuba wenzake kufundisha waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na alipewa jina la Kiswahili, Tatu. Alitaka kuona jeshi la ukombozi. Alikuta wapiganaji ambao kwanza wanauliza muganga.

Tarehe 29 mwezi wa sita, Wacuba, Wanyarwanda na Wakongomani walishambulia kambi ya Bendera, hapa katika teritware ya Kalemie, penye kiwanda cha umeme cha muto Kiyimbi kinachowasha taa za muji wetu mpaka leo. Shambulio lilishindwa vibaya. Wapiganaji wengi walikimbia mara masasi yalipoanza, na Wacuba wanne walikufa. Katika maandiko aliyoacha, Che alieleza jinsi dawa ilivyoleta hasara. Mapigano yalipoharibika siku zile, lawama iliwekwa juu ya dawa kuwa mbaya. Muganga alijitetea kwamba wapiganaji waliogopa na wamelala na wanawake, lakini hakuna aliyekubali, na muganga mwingine akawekwa. Hakuna aliyeuliza juu ya mahandaki, juu ya kupima njia kabla ya vita, wala juu ya kufundisha mutu kulenga. Mwezi wa kumi na moja Che alivuka ziwa kurudi, akiwa amechoka na kushindwa.

Wote walioitumia dawa ile waliendelea kutaja jina la Mulele. Yeye mwenyewe alikuwa bado katika msitu wa Kwilu, anakimbia kutoka kambi hii mpaka ile.

Mto Kongo, 1968

Kule Kwilu jeshi lilichoma vijiji, likafukuza watu kutoka mashamba, na njaa ikaingia katika kambi. Wapiganaji walipunguka mwaka baada ya mwaka. Mobutu alikamata utawala mwezi wa kumi na moja 1965, na waasi wa mashariki wakatawanyika, wengine uhamishoni. Mulele alibaki porini karibu miaka mitano tangu alipoanza, bila silaha kutoka ngambo, pamoja na watu wachache waaminifu. Kati yao alikuwa Léonie Abo, mukunga wa Kwilu aliyechukuliwa na wapiganaji mwanzoni mwa vita, akafundishwa, akawa muuguzi wa maki na mke wa Mulele.

Mwezi wa tisa 1968, Mulele na Abo walifika Brazzaville. Waziri wa Mobutu wa mambo ya inje, Justin Bomboko, alivuka mto na kuahidi kwamba kuna musamaha, Mulele arudi nyumbani kama ndugu. Serikali ya Brazzaville ilikubali. Tarehe 29 Mulele alivuka mto Kongo kwa chombo cha rais, akapokelewa kwa karamu nyumbani kwa Bomboko. Siku chache alikaa Kinshasa kama mugeni wa heshima.

Mobutu wakati ule alikuwa Moroko. Aliporudi alisema musamaha haumuhusu Mulele, kwa kuwa ni muhalifu wa vita. Mulele alishikwa na kupelekwa kambi ya jeshi. Serikali ilitangaza kwamba mahakama ya kijeshi imemuhukumu kufa na hukumu imetimizwa. Lakini habari iliyotoka, na ambayo inashikwa na wengi mpaka leo, ni kwamba aliteswa na kukatwa viungo akiwa hai, na mwili wake ukatupwa mutoni. Mwenzake Théodore Bengila aliuawa vilevile. Brazzaville, iliyokuwa imewatoa kwa ahadi ya musamaha, ilikata uhusiano na Kinshasa. Mulele alikuwa na miaka 39. Hana kaburi.

Léonie Abo aliponyoka na kurudi Brazzaville, akaishi uhamishoni miaka mingi akitunza kumbukumbu ya mume wake.

Jina lililobaki

Kwilu ililipa tena. Mwezi wa kwanza 1978, askari wa Mobutu waliua mamia ya watu upande wa Idiofa, kwa kisingizio kwamba Mulele amerudi kupitia nabii mumoja wa kijiji.

Huku kwetu jina la Mulele lilipotea polepole katika midomo ya wapiganaji, lakini maji yalibaki. Makundi ya Mai-Mai yaliyotokea Kivu miaka ya 1990, na yale ya Katanga ya Kaskazini, yalichukua chanjo, maji, na mashariti karibu yaleyale: usiguswe, usile hiki, usiangalie nyuma. Katika makundi mengi watoto wadogo ndio waliopewa kazi ya kunyunyizia dawa, kwa sababu wanasemekana ni safi, na ndio waliotembea mbele. Jimbo la Tanganyika linajua maana ya jambo hilo. Katika mapigano ya Watwa na Waluba tangu 2016 tuliona tena mishale, panga na vijiji vilivyochomwa, na makambi ya wakimbizi pembeni ya Kalemie yakajaa.

Maisha ya Mulele yana maneno mawili ambayo mara nyingi yanachanganywa. La kwanza ni swali lake, na swali lile lingali hai: uhuru wa 1960 ulimufaidi nani, na mukulima alipata nini? Mutu anaweza kulikubali swali bila kuikubali damu iliyomwagika Kilembe na Gungu. La pili ni ngao iliyotengenezwa kwa jina lake na watu wengine, kwa ajili ya vijana ambao hawakufundishwa hata namna ya kulala chini sasi linapopita. Yeye alifundishwa China, na alijua kulala chini. Vijana wa Uvira, Albertville na Bukavu waliambiwa wasimame wima na watembee mbele.

Yeyote leo anayemwendea kijana wa Nyunzu, Manono ao Moba na chupa ya maji, akimuahidi kwamba masasi hayatamuingia, anarudia ahadi iliyopimwa Bukavu mwezi wa nane 1964. Siku ile mashariti yote yalifuatwa na wengi. Hawakuangalia nyuma. Walilitaja jina. Walikufa palepale barabarani, na baadaye wakaambiwa kosa lilikuwa lao.